Kompyuta ya mbali: Mwenye ufunguo ni mwenye saini ya hundi

Mfanyabiashara mwenye maduka katika miji miwili ana njia tatu za kujua kinachoendelea kule asikokuwepo. Anaweza kusafiri kila mwezi kwenda kukagua vitabu. Anaweza kumpigia simu mwuzaji wake na kuandika anachoambiwa. Au anaweza kuunganisha kompyuta ya duka la mbali na ile iliyo mezani kwake, akasoma hesabu mwenyewe saa yoyote anayotaka. Njia ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote, na anayeichagua hakosei. Kosa, likiwapo, huwa katika namna muungano wenyewe unavyofanywa.

Mara nyingi kazi hiyo huachiwa fundi. Fundi huja siku moja, hufungua kompyuta ya duka ili iweze kufikiwa kutoka nje, huweka neno la siri analolijua yeye, hulipwa na huondoka. Mwenye mali hapewi orodha ya watu wanaoweza kuingia, wala haiulizi. Mtu huyo huyo, benki ikimletea fomu ya kuteua wenye saini ya hundi, huisoma mara tatu na kukataa kuweka hata jina la shemeji yake.

Ukweli ni kwamba anayeweza kuingia katika kompyuta ya hesabu kwa mbali ana uwezo unaokaribiana sana na ule wa mwenye saini ya hundi. Anaona wadaiwa ni akina nani na wanadaiwa kiasi gani. Anaona bei ya kununulia, ambayo ndiyo siri kubwa ya biashara yoyote. Akitaka, hubadilisha au kufuta. Kwa sababu hiyo suala hili, ambalo wengi wanalidhania kuwa la mafundi, ni la mwenye mtaji kwanza.

Lilivyoanza

Kuendesha kompyuta ya mbali si jambo jipya. Mwaka 1969, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulipoanza, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kumwezesha mtu aliyeketi kwenye kituo kimoja kuandika amri na kompyuta ya kituo kingine ikazitekeleza. Programu iliyofanya kazi hiyo iliitwa Telnet. Baadaye, mwaka 1983, Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kilitoa programu nyingine ya aina hiyo, rlogin, ambayo kompyuta moja iliweza kuiamini nyingine bila hata kuuliza neno la siri.

Zote mbili zilikuwa na kasoro moja. Kila kilichoandikwa, pamoja na neno la siri, kilisafiri wazi kama maandishi ya kadi ya posta. Mtu yeyote aliyekuwa njiani na chombo cha kusikiliza aliweza kusoma. Wakati mtandao ulipokuwa wa watafiti wachache waliojuana kwa majina, hilo halikuwa na madhara makubwa. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 mtandao ulikuwa umejaa wageni.

Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, kilivamiwa kwa njia hiyo. Chombo cha kunasa maneno ya siri kilikutwa katika mtandao wake. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alikaa akaandika programu ya kuchukua nafasi ya Telnet na rlogin. Aliiita SSH na kuitoa bure Julai mwaka huo. Mlango aliouomba na kupewa na wasimamizi wa namba za mtandao ulikuwa namba 22, kati ya 21 iliyokuwa ya kuhamisha mafaili na 23 iliyokuwa ya Telnet. Hadi mwisho wa mwaka ilikadiriwa kuwa na watumiaji 20,000 katika nchi 50. Desemba 1995 alianzisha kampuni ya kuiuza na kuiendeleza.

Masharti ya toleo la kampuni yalipokazwa, watu wa mradi wa OpenBSD, unaoongozwa na Theo de Raadt wa Calgary, Canada, walichukua toleo la zamani lililokuwa bado huru na kulijenga upya. OpenSSH ilitoka mwaka 1999. Leo ndiyo inayotumika katika seva nyingi sana duniani, na tangu mwaka 2018 imo ndani ya Windows 10 yenyewe. Kwa maneno mengine, duka lenye kompyuta ya kawaida ya miaka ya karibuni tayari lina bidhaa hii. Bei yake ni sifuri.

Inavyofanya kazi

Kompyuta mbili zinapokutana kwa SSH, kwanza zinakubaliana ufunguo wa muda ambao hautumwi njiani, kisha kila kitu kinachofuata huandikwa kwa mafumbo ambayo mtu wa katikati hawezi kuyafumbua. Baada ya hapo ndipo anayeingia hutakiwa kujitambulisha, ama kwa neno la siri, ama kwa ufunguo wa kompyuta.

Ufunguo huo una vipande viwili. Cha kwanza ni cha hadharani, nacho huwekwa kwenye kompyuta ya mbali. Cha pili ni cha siri na hubaki kwa mwenyewe. Mfanyabiashara anaweza kuvielewa kwa mfano wa benki: kipande cha hadharani ni kama namba ya akaunti, ambayo kila mteja anapewa bila hofu, cha siri ni kama saini, ambayo haiachwi mezani. Mtu akimwomba mwenzake kipande cha siri "ili kumsaidia", amemwomba saini yake.

Kazi ya pili ya SSH ndiyo inayowahusu zaidi watu wa biashara, nayo haifahamiki sana. Kila huduma ndani ya kompyuta ina namba ya mlango wake, ambao mafundi huuita poti. Hifadhi ya hesabu ya MySQL husikiliza mlango 3306. Kuona na kuendesha kioo cha Windows kwa mbali hutumia mlango 3389. SSH ina uwezo wa kuchukua mlango mmoja wa kompyuta ya hapa na kuupitisha ndani ya njia yake ya mafumbo hadi ukatokea kwenye mlango wa kompyuta ya kule. Ni kama handaki. Kinachotiwa upande huu hutoka upande ule, na walioko njiani wanaona tu kwamba kuna handaki.

Mfano wa Kariakoo na Mwanza

Achukuliwe mfanyabiashara wa vipuri mwenye ofisi Kariakoo na duka Mwanza. Hesabu ya bidhaa ziko kwenye kompyuta ya Mwanza. Njia ya haraka ni kuuacha mlango 3306 au 3389 wa Mwanza wazi kwa dunia ili ofisi ya Kariakoo iingie. Tatizo ni kwamba mlango huo hauijui Kariakoo. Uko wazi kwa kila mtu, na duniani kuna mitambo inayofanya kazi usiku na mchana ya kugonga kila anwani ya intaneti ikitafuta milango ya namna hiyo. Si lazima mtu awe amemlenga mwenye duka, wala awe amesikia jina la Mwanza. Mtambo unagonga, unapata jibu, unaanza kujaribu maneno ya siri.

Hatari ya mlango 3389 si ya kufikirika. Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro katika huduma hiyo, iliyokuja kujulikana kwa jina la BlueKeep, ambayo ilimwezesha mgeni kuingia bila neno la siri lolote. Kampuni iliona uzito wake kiasi cha kutoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imekwisha kuacha kuihudumia tangu 2014.

Kwa kutumia handaki, milango hiyo yote hubaki imefungwa kwa nje. Mlango mmoja tu, wa SSH, ndio unaojibu. Kompyuta ya Kariakoo hufungua mlango ndani yake yenyewe, tuseme namba 5000, na kila kinachotiwa hapo hupita kwenye handaki na kutokea 3306 ya Mwanza. Programu ya hesabu ya Kariakoo hudhani hifadhi iko meza hiyo hiyo. Mgeni anayepita barabarani haoni 3306 wala 3389.

Kuna kikwazo ambacho wenye maduka ya hapa wanakutana nacho. Kompyuta inayotumia intaneti ya simu mara nyingi haina anwani yake ya hadharani, kwa hiyo Kariakoo haiwezi kuipigia. Dawa yake ni kugeuza handaki. Mwanza ndiyo inayopiga kwanza, kwenda kwenye seva ndogo ya kukodi, na kuishikilia laini bila kuikata. Kariakoo nayo hupiga kwenye seva hiyo hiyo, na kupitia laini iliyoshikiliwa huingia Mwanza. Seva ndogo ya namna hiyo hukodishwa kwa dola chache kwa mwezi, gharama ambayo haifiki nauli ya safari moja ya ukaguzi.

Hata hivyo ni lazima ieleweke kwamba uwezo huo wa kugeuza una pande mbili. Mfanyakazi mjanja anaweza naye kutega handaki la kutoka ndani ya ofisi kwenda kompyuta ya nyumbani kwake, na ukuta wa kinga wa kampuni usitambue, kwa kuwa simu imepigwa kutoka ndani. Chombo ni kile kile. Tofauti ni nani amekiidhinisha.

Masoko ya hisa yalikwishapita njia hii

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Historia ya soko la hisa la Nairobi inasema vingine. Septemba 2006 soko hilo liliacha kuuza kwa kupiga kelele na kuandika ubaoni, likaanza kuuza kwa mtambo wa kompyuta. Desemba 2007 likaunganisha ofisi za madalali kwa mtandao mpana, na kuanzia hapo dalali hakulazimika tena kumpeleka mtu wake ukumbini. Aliuza na kununua akiwa ofisini kwake.

Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu sasa mwekezaji mdogo wa Nairobi, hata asiyemiliki kompyuta, ameiweka mali yake mikononi mwa watu wanaoendesha mtambo kwa mbali. Kebo za baharini zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, gharama ya kuunganisha ofisi ilianza kushuka, na uwezo uliokuwa wa soko la hisa ukaanza kufikiwa na mwenye duka la kawaida. Nidhamu ya soko la hisa, lakini, haikuja pamoja na kebo.

Hasara ina bei

Anayetaka kujua bei ya ufunguo uliosahauliwa aangalie kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani. Bomba lake linapeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Mei 2021 kampuni ililifunga kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuteka kompyuta zake. Mkuu wa kampuni, Joseph Blount, aliliambia Baraza la Seneti mwezi uliofuata kwamba wahalifu waliingia kupitia akaunti ya zamani ya kuingia kwa mbali, iliyolindwa na neno la siri peke yake. Kampuni ilikuwa imelipa fidia ya bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4. Serikali ilifanikiwa kurudisha sehemu yake. Vituo vya mafuta katika majimbo kadhaa vilikauka.

Bomba lenyewe halikutoboka, wala hakuna mtambo uliovunjwa. Kilichokosekana ni mtu wa kufuta jina moja katika orodha.

Mfano wa pili ni wa maduka ya Target, mwishoni mwa 2013. Wahalifu walipata maelezo ya kuingia ya kandarasi wa mitambo ya kupoozea, ambaye aliruhusiwa kuingia katika mtandao wa kampuni kwa mbali. Kutoka hapo walifika hadi kwenye mashine za kulipia na kuiba namba za kadi zipatazo milioni 40. Faida ya robo hiyo ya mwaka ilishuka kwa asilimia 46 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Ni kweli kwamba hasara za upanuzi wa Canada zilichangia, lakini mkuu wa kampuni aliondoka Mei 2014, na mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 18.5. Aliyeshikilia hisa alilipa sehemu yake ya hasara bila kuulizwa.

Mwenye duka dogo anaweza kusema hana namba za kadi milioni 40. Ni kweli. Lakini kampuni kubwa ilipoteza sehemu ya faida na ikaendelea kuwepo. Duka likipoteza daftari la wadaiwa na halina nakala, mtaji wenyewe umekwenda.

Dalali wa katikati

Wengi hukwepa SSH kwa sababu ya ugumu wake na kutumia programu kama TeamViewer au AnyDesk. Hakuna ubaya katika kulipia urahisi. Lakini mnunuzi ajue anachonunua. Programu hizo humkutanisha yeye na kompyuta yake kupitia mitambo ya kampuni, kama dalali anavyokutanisha mwuzaji na mnunuzi. Dalali mwaminifu ana faida yake, ila mteja sasa ana watu wawili wa kuwaamini badala ya mmoja. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba mitambo yake ilikuwa imevamiwa. Juni mwaka huo huo TeamViewer nayo ilitangaza uvamizi katika kompyuta za ofisi yake, ikisema mitambo ya wateja haikuguswa.

Urahisi huo umewafurahisha matapeli pia. Mtu hupiga simu akidai anatoka benki au ni fundi wa kampuni ya kompyuta, humwomba mwenye simu aweke programu ya namna hiyo na kumsomea namba inayotokea kwenye kioo. Anayeisoma namba ile amefungua mlango kwa mkono wake. Hakuna handaki wala mafumbo yatakayomwokoa.

Cha bure nacho kina gharama

Haitakuwa haki kuisifu OpenSSH bila kutaja ya Machi 2024. Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwa SSH kwenye kompyuta yake ya majaribio kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alichimba, akakuta kwamba programu nyingine ndogo iitwayo xz, inayotumika kukandamiza mafaili na ambayo baadhi ya mifumo ya Linux huiunganisha na SSH, ilikuwa imetiwa mlango wa nyuma. Aliyeutia, kwa jina la Jia Tan, alikuwa amejitolea katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa. Mradi wenyewe ulikuwa ukitunzwa kwa muda mrefu na mtu mmoja, bila malipo ya maana.

Njama ilikamatwa kabla haijaenea. Hata hivyo ina fundisho kwa mtu wa biashara: bidhaa ya bei ya sifuri ina watu nyuma yake, na uimara wake unategemea uangalifu wao. Anayeitumia bure asione uzito kuisasisha inapotolewa mpya, maana hiyo ndiyo ada pekee anayodaiwa.

Aidha, handaki hulinda njia na si ncha zake. Kompyuta ya Kariakoo ikiwa na virusi, virusi hivyo vinaweza kupita kwenye handaki salama salimini hadi Mwanza. Nakala ya hesabu iliyohifadhiwa mahali pengine, kwenye chombo kisichounganishwa, bado haina mbadala.

Daftari la funguo

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika suala hili daftari ni rahisi kuliko la mkopo wa sukari. Linahitaji safu tano: jina la mwenye ufunguo, kompyuta anayoruhusiwa kuingia, kazi inayomwingiza, tarehe aliyopewa, na tarehe aliyofutiwa. Safu ya tano ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo Colonial ingeihitaji.

Kila mtu awe na ufunguo wake. Ufunguo mmoja unaotumiwa na watu wanne ni sawa na saini moja ya watu wanne: siku ya kuulizana hakuna anayejibu. Ufunguo wa siri ufungwe kwa maneno yake ya siri, ili kompyuta ikiibwa mwizi asipate vyote viwili. Na zikishatolewa funguo, njia ya kuingia kwa neno la siri pekee izimwe kabisa, maana ndiyo ambayo mitambo ya kugonga milango huijaribu usiku kucha.

Si kila mwenye ufunguo anahitaji kila kitu. SSH inaruhusu kuandika kando ya jina la mtu kwamba ufunguo wake ufike mlango 3306 tu na usimpe nafasi ya kuandika amri yoyote. Karani anayeangalia idadi ya bidhaa hahitaji zaidi ya hapo. Fundi apewe ufunguo wa siku za kazi yake, na siku ya kumlipa iwe ndiyo siku ya kuufuta.

Siku ya kwanza ya kuunganisha, SSH huonyesha mfululizo wa herufi na namba, unaoitwa alama ya kidole ya kompyuta ya mbali, na kuuliza kama aendelee. Watu hujibu ndiyo bila kusoma. Jibu sahihi ni kumpigia simu aliye Mwanza, naye asome alama hiyo kwenye kompyuta yake, zilinganishwe herufi kwa herufi kama namba za noti inayotiliwa shaka. Kazi hiyo hufanywa mara moja. Siku yoyote baadaye programu ikionya kwamba alama imebadilika, kazi isimame hadi ijulikane kwa nini.

Mwisho, kompyuta huandika yenyewe nani ameingia, saa ngapi na kutoka anwani gani. Maandishi hayo yasomwe kila Jumatatu pamoja na taarifa ya benki. Kuingia kwa saa nane za usiku katika duka linalofungwa saa kumi na mbili jioni ni habari sawa na hundi isiyojulikana.

Huenda fundi akaona daftari hilo kama kutoaminiwa. Aelezwe kwamba linamlinda yeye kwanza. Siku mali ikipotea, mtu wa kwanza kushukiwa ni yule aliyewahi kuwa na ufunguo. Palipo na tarehe ya kufutiwa, fundi ana ushahidi. Pasipo nayo, ana maneno yake tu.

Mwekezaji aulize nini

Mwenye hisa chache hana uwezo wa kukagua mitambo ya kampuni, lakini ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu. Maswali matatu yanatosha. Ni watu wangapi wasio wafanyakazi wanaoweza kuingia katika mitambo kwa mbali? Nani hufuta ruhusa ya anayeondoka, na baada ya siku ngapi? Je, kuna mlango wowote wa kuingia unaolindwa na neno la siri peke yake? Mkurugenzi anayejua majibu hatumii dakika tano kuyatoa. Asiyejua ameshajibu.

Sheria nazo zinaanza kuegemea upande wa mwenye hisa. Marekani, tangu kanuni za mwaka 2023, kampuni iliyoorodheshwa hutakiwa kutangaza uvamizi wa kompyuta ndani ya siku nne za kazi baada ya kuamua kwamba una uzito kwa wawekezaji. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka mwenye kuhifadhi habari za watu kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 habari hizo zikivuja na kuwatia watu hatarini, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari la wadaiwa lina majina na namba za simu za watu. Mwenye duka asidhani sheria hizi ziliandikwa kwa ajili ya mabenki tu.

Bidhaa iliyozaliwa Finland mwaka 1995 imeshusha bei ya usalama hadi sifuri, na hakuna sababu ya kibiashara ya kuendelea kuacha milango wazi. Kilichobaki na gharama ni uangalifu wa mwenye mali: kujua kwa majina nani ana ufunguo leo, na kuthubutu kumfutia asiyeuhitaji kesho. Benki haimkubalii mteja kusema kwamba hajui nani ana saini ya akaunti yake. Mfanyabiashara naye asijikubalie.